Karatasi Bila Uzi

Zornitsa Kehayova alikuwa ameandika vidirisha arobaini na kimoja vya maelezo, na hakuna hata kimoja alichokuwa tayari kukifuta. Kulikuwa na cha kueleza jinsi mvua inavyopunguza mwendo wa farasi. Kulikuwa na cha kueleza njaa ya wapiga mishale. Kulikuwa na cha ishirini na saba, alichokiandika upya mara kumi na nne mpaka kikawa kitamu kusoma, lakini hakuna binadamu aliyewahi kukisoma, kwa sababu kufikia kidirisha cha tisa watu wote walikuwa wakibonyeza "endelea, endelea" kama mtu anayefukuza nzi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kumfundisha mgeni kucheza. Mchezo wenyewe uliitwa Walinzi wa Rodopi, mchezo wa kompyuta wa vita vya kupeana zamu. Unasogeza askari wako wote, unagonga kengele, adui naye anasogeza wake, kisha zamu inakurudia. Watu kumi na wawili walikuwa wameujenga kwa miaka sita ndani ya ghala la zamani la tumbaku mjini Plovdiv, na kila aliyewahi kuucheza mpaka mwisho aliupenda. Tatizo lilikuwa mwanzo, na mwanzo ulikuwa wa Zornitsa.

Jumatatu asubuhi Ognyan, mkuu wao, aliwakusanya jikoni, mahali ambapo habari mbaya zote za ofisi ile zilitangaziwa.

"Ni Ijumaa," alisema. "Wafadhili watatazama kwa video. Watu watano ambao hawajawahi kuuona mchezo, mmoja baada ya mwingine, nusu saa kila mmoja. Watatu wakiiteka ngome ya kwanza bila kuambiwa neno, tunaendelea. Wasipoiteka, jamani, tunafunga kompyuta na kila mtu atafute pa kwenda."

"Mara ya mwisho waliiteka wangapi?" aliuliza mchoraji mmoja, ingawa alijua.

"Mmoja. Na yule alikuwa binamu yangu."

Hakuna aliyemtazama Zornitsa, na hilo ndilo lililomuuma. Afadhali wangemtolea macho, wangemlaumu, naye angejitetea. Badala yake walitazama vikombe vyao vya kahawa kwa upole, kama watu walio msibani, na yeye ndiye mfiwa.

Saa nne walikuwa wamepanga jaribio jingine. Angekuja muuza maua wa mtaa wa pili, lakini alipiga simu kwamba mtoto wake ana homa. Ognyan alikuwa bado ameshika simu pale mlango ulipofunguka, na mama mkwe wa Zornitsa akaingia na sufuria.

Pravda alikuwa na miaka sabini na miwili, mgongo umenyooka, amevaa koti la kahawia alilolishona mwenyewe. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika kiwanda cha nguo, na mpaka leo hakuweza kusalimiana na mtu bila kutupia jicho mishono ya kola yake.

"Umesahau chakula," alimwambia Zornitsa. "Pilipili hoho za kujaza. Mtindi uko kwenye chupa, usiutikise."

"Mama, si ungempa tu Lacho aniletee?"

"Mume wako angezila njiani."

Ognyan alimtazama yule mama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, kama mtu aliyeokota kitu barabarani. "Mama Pravda, umewahi kucheza mchezo wa kompyuta?"

"Mimi? Mwanangu, mimi hata simu naishika kama yai bichi."

"Basi vua koti. Karibu ukae hapa."

Zornitsa alitamani ardhi ipasuke. Mtu yeyote, ila si huyu.

Ukweli usemwe: wawili hawa hawakuwa maadui. Walileteana zawadi sikukuu za majina yao, ambazo huko husherehekewa kama siku za kuzaliwa, walisifiana mbele ya wageni. Lakini Zornitsa alipoolewa, miaka tisa nyuma, yeye na Lacho waliishi miaka miwili katika nyumba ya Pravda mtaa wa Trakiya, ghorofa ya sita, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza banitsa. Au ndiko alikoteswa nayo, kama alivyomsimulia dada yake kwa simu. Unga wa banitsa unausukuma kwa kijiti kirefu chembamba mpaka uone maua ya kitambaa cha meza kupitia humo, ndipo unatia jibini na mayai na kuukunja. Unga wa Zornitsa ulichanika. Aliukanda tena, ukachanika tena. Na wakati wote huo Pravda alisimama kando ya dirisha, mikono nyuma, midomo imefungwa kabisa. Hakuwahi kutoa neno moja, si la kusaidia wala la kukaripia. Wiki tatu nzima alimpa mkwewe unga na maji tu. Jibini hakumpa, na matambara yale ya unga yaliokwa makavu wakapewa kuku wa jirani.

"Anaona nitamharibia jibini lake," Zornitsa alimwambia dada yake. "Anasimama pale ananifurahia nikichana. Hata neno moja hasemi, yule mwanamke!"

Mambo hayo yalipita, wakahama, na Zornitsa akawa fundi wa banitsa kuliko wengi. Lakini ule ukimya ulibaki umemkaa kifuani, na kila alipofanya kosa lolote mbele ya Pravda alihisi yupo tena mbele ya meza ile, ameshika tambara la unga mkononi.

Kanuni ya jaribio ilikuwa moja, na ilikuwa ngumu: mtazamaji hasemi. Mchezaji apotee, ahangaike, alie, wewe kaa kimya, kwa sababu hutakuwapo nyumbani kwa kila atakayenunua mchezo ili umnong'oneze. Kwa watengenezaji hilo ni gumu kuliko kufunga kula, na Zornitsa alikuwa mkosaji sugu. Ndiyo maana ofisi ilibuni dawa. Mtazamaji aliketi nyuma ya mchezaji na mfuko wa mbegu za alizeti na glasi tupu. Neno likimfika mdomoni, alitia mbegu moja kwenye glasi badala ya kulisema, na mbegu hiyo haikuliwa. Jaribio likiisha, kila mbegu ilikuwa ni tundu katika somo, naye alikaa na rekodi kutafuta tundu liko wapi.

Pravda alivaa miwani yake ya kusomea akasoma vidirisha vyote arobaini na kimoja, kwa sauti, bila kuruka nukta. Alisoma hata kile cha ishirini na saba. Zornitsa aliposikia maneno yake yale matamu yakitoka kwenye kinywa kile, alijikuta ametabasamu kidogo. Zilipita dakika kumi na moja. Kisha skrini ikafunguka: mto, askari sita ukingo wa huku, maadui wanne ukingo wa kule, na ngome mlimani.

Pravda alimchagua askari mmoja, akamsogeza hatua mbili. Kisha akaachia mausi, akakunja mikono mapajani, akangoja.

Dakika ya kwanza ikapita. Zornitsa akatia mbegu. Wale askari wengine watano walikuwa wamesimama vilevile, kengele iko pembeni, kubwa, ya shaba, inang'aa. Dakika ya pili, mbegu tatu. Ng'ambo ya mto adui naye alikuwa akingoja, kwa sababu adui wa mchezo ule hawezi kufanya lolote mpaka kengele igongwe. Wakawa wanangojeana, kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie.

"Bwana huyu anafikiri sana," Pravda alisema dakika ya nne.

Mbegu mbili kwa mpigo.

"Labda ameenda kula," alisema dakika ya saba, akajirekebisha kitini kwa adabu.

Dakika ya kumi Ognyan alikata tamaa, akasimamisha jaribio. Glasi ilikuwa na mbegu ishirini na tatu.

"Mama," Zornitsa aliuliza, "ulikuwa unangoja nini?"

"Si nimeshasogeza? Ilikuwa zamu yake. Kwenye tabla ukishasogeza unanyanyua mkono, mwenzako anarusha dadu. Nilikuwa nampa nafasi yake, sikutaka kumharakisha."

Mji mzima ule hucheza tabla, kwenye benchi, kwenye baa, sebuleni baada ya chakula, ubao ule wa dadu na kete ambao zamu hupita yenyewe mara tu unaponyanyua mkono. Wote kumi na wawili waliujua tangu utotoni. Na kwa miaka sita hakuna aliyewaza kwamba mtu wa Plovdiv atakayekaa mbele ya mchezo wao ataingia na mkono huo wa tabla. Kengele ilielezwa, ndiyo, kwenye kidirisha cha saba. Pravda alikisoma chote, neno kwa neno. Ila alikisoma kabla hajawa na askari wala adui wala sababu yoyote ya kuitaka kengele.

"Ni mzuri lakini," Pravda alisema akivua miwani. "Picha nzuri sana. Na yale maneno ya kwenye vile vidirisha, nani aliandika? Ana mkono. Mimi tu kichwa kimeota kutu, mnisamehe."

Zornitsa aliondoka kabla machozi hayajamtoka mbele za watu.

Jikoni, Pravda alimkuta ameshika tama. Hakumwambia pole. Alipasha moto pilipili, akazipakua, akamimina mtindi juu yake, akaisukuma sahani mbele yake. Kisha akaketi, na macho yake yakaangukia glasi ya mbegu ambayo Zornitsa alikuja nayo bila kujijua.

"Na hizo ni za nini?"

"Za kunifunga mdomo, mama. Kila nikitaka kusema natia moja."

Pravda aliinua ile glasi, akaitazama kwenye mwanga, akacheka, na Zornitsa hakukumbuka lini alimsikia akicheka hivyo. "Heh! Sisi tulitumia pini."

"Nyinyi nani?"

"Sisi wakufunzi. We ulifikiri nilikuwa nashona tu? Miaka kumi na tisa nilifundisha wasichana wapya. Wametoka vijijini, cherehani ya umeme hawajawahi kuiona. Na ile haikuwa cherehani ya bibi yako, mwanangu. Ukiikanyaga vibaya inakula kidole."

"Ulianza kwa kuwaeleza nini?"

"Niwaeleze nini? Kulikuwa na kitabu cha mafunzo, kurasa tisini, mkurugenzi anakipenda kuliko watoto wake. Nilikiweka chini ya mguu wa meza. Meza ilikuwa inayumba."

Zornitsa aliacha kula.

"Siku ya kwanza nawapa karatasi," Pravda aliendelea. "Karatasi ya shule, ya mistari. Cherehani haina uzi. Namwambia msichana, shona juu ya mstari. Basi, sina lingine. Hana kitambaa cha kuharibu, hana uzi wa kukatika, hana wa kumgombeza. Akimaliza anainua karatasi dirishani, anaona mwenyewe matundu yalipotoka nje ya mstari. Mimi nina haja gani ya kumwambia? Macho si anayo? Siku ya tatu anapata uzi. Wiki ya pili, kitambaa. Kola ya shati, mwezi mzima hajaifikia."

"Na pini?"

"Pini zilikuwa dawa yangu mimi. Ukimwona mtu anakosea, mdomo unakuwasha, we acha tu. Lakini ukimwambia, linasikia sikio, mkono haujasikia. Kwa hiyo nikitaka kusema, nachoma pini kwenye mkono wa koti langu, hapa. Jioni nazichomoa." Akamnyooshea uma. "Kula, zinapoa."

Mchana ule Zornitsa alikaa mbele ya kompyuta akafuta kidirisha cha kwanza. Kisha cha pili. Alipofika cha ishirini na saba alikisoma mara ya mwisho, akakiaga kimoyomoyo, akakifuta pia. Jioni vilikuwa vimebaki vitatu, kila kimoja maneno manne.

Ognyan alikuja mbio. "Umefuta cha mvua? Zornitsa, ile mvua nimeijenga kwa miezi mitano!"

"Mvua itanyesha ngome ya tatu. Leo hakuna mvua."

"Na njaa?"

"Wameshiba. Ogi, niachie mpaka Alhamisi. Ikishindikana, vyote vipo, nitavirudisha."

Alimtazama muda mrefu, akaenda zake akiguna, lakini akamwachia, na baadaye Zornitsa alimshukuru kwa hilo pia.

Aliujenga mwanzo mpya vipande vipande. Kwanza uwanja wa nyasi, askari mmoja, bendera hatua tatu mbele yake, na kengele. Hakuna adui, hakuna cha kufa. Ukimsogeza askari, kengele inatikisika kidogo. Usipoigonga hakuna linalotokea, wala hakuna linaloharibika, na kwa kuwa uwanjani hamna kitu kingine, mkono wenyewe unaiendea. Kisha askari wawili na mtu wa majani makavu, anayepiga hatua moja kila baada ya kengele, ili uone kwa macho kwamba asubuhi mpaka jioni atakungoja wewe. Kisha mto. Hapo ndipo unapokosea kwa mara ya kwanza, na ukikosea, nyayo za askari wako zinabaki ardhini kuonyesha ulikopita, unaweza kumrudisha nyuma ukajaribu njia nyingine. Ofisini somo lile lilipata jina bila mtu kulitangaza. Wote waliliita karatasi.

Jumatano mchana alikuwa akirekebisha yule mtu wa majani, apige bila kuumiza kwa zamu mbili za mwanzo. Pigo lisilo na jeraha, akawaza, cherehani isiyo na uzi. Na vidole vyake vikasimama vyenyewe juu ya vitufe.

Unga usio na jibini.

Alikaa hivyo hata mwenzake wa meza ya pili akamuuliza kama anaumwa. Wiki tatu za unga na maji. Hakuna mayai ya kupoteza, hakuna jibini la kumlilia, hakuna sahani ya kupelekwa mezani mbele ya wageni. Tambara la unga likiinuliwa kwenye mwanga wa dirisha, ambako Pravda alikuwa amesimama, linaonyesha lenyewe lilikokuwa jembamba mno na lilikokuwa nene. Na wala haikuwa bahati kwamba jibini lilikuja siku ileile unga ulipofika mwisho wa meza bila kuchanika. Lililetwa bila neno, likawekwa karibu na kiwiko chake, naye akaona ni kejeli.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kisha nyuma ya aibu kikaja kitu kingine, chenye joto, kikakaa palepale kifuani palipokuwa na ule ukimya. Miaka tisa alikuwa amebeba kinyongo juu ya somo zuri kuliko yote aliyowahi kupewa. Alitaka kucheka na kulia, akafanya vyote kidogokidogo, kisha akapiga simu.

"Mama, Ijumaa njoo ofisini."

"Nije nifanye nini? Mimi si mgeni tena wa mchezo wenu. Sifai."

"Njoo ukae nyuma na mimi."

"Nilete nini?"

"Usilete kitu, mama. Njoo tu."

Alileta banitsa, trei nzima.

Ijumaa wafadhili walikuwa kwenye skrini kubwa ukutani, wanaume wawili na mwanamke mmoja, nyuso zao hazisemi lolote. Wa kwanza kucheza alikuwa msichana wa chuo. Aliiteka ngome kwa dakika kumi na tisa. Wa pili, mpokea simu wa teksi, alikasirika dakika ya kumi na mbili, akasema vita si kazi yake, akaondoka na kipande cha banitsa. Wa tatu, mwalimu wa kuogelea, aliiteka. Wa nne alikuwa muuza maua, mtoto wake kapona. Alicheza vizuri, kwa utulivu, alikuwa akielekea lango la ngome pale nusu saa ilipokwisha. Ognyan alifunika uso kwa kiganja. Wawili walikuwa wamefaulu, wawili wameshindwa, na aliyebaki alikuwa fundi wa lifti aitwaye Haralampi, mtu wa miaka hamsini na mitano, mikono mikubwa, mausi ilipotea ndani ya kiganja chake.

Mfadhili mmoja aliuliza kama yuko tayari, na Ognyan akatafsiri. Haralampi akatikisa kichwa huku na huku. Uso wa mfadhili ukaanguka.

"Amesema ndiyo!" Ognyan aliruka. "Kwetu hiyo ni ndiyo, jamani, ni ndiyo!"

Zornitsa alikaa nyuma, mfuko wa mbegu mapajani, glasi mkononi. Pravda alikaa kando yake, mgongo umenyooka.

Uwanja wa nyasi Haralampi aliumaliza kwa dakika moja. Kengele aliigonga kwa raha, kama kitufe cha lifti. Mtu wa majani alimwelewa upesi. Aliiacha zamu ikae bila kufanya kitu, akamtazama, akasema, "Kumbe ananisubiri mimi," na Zornitsa nusura aruke kitini. Kisha akaingia kwenye vita vyenyewe akafika mtoni, na hapo mambo yakamwendea kombo. Alimpitisha askari katikati ya maji, mkondo ukamchukua. Akampitisha wa pili palepale, naye akachukuliwa. Zornitsa akatia mbegu. Kivuko kilikuwa juu kidogo, kushoto, kwenye mawe. Dakika ya kumi na tano. Akatia nyingine. Dakika ya kumi na nane Haralampi alikuna kidevu, akamwelekeza askari wa tatu kwenye maji yaleyale.

Mbegu ya tisa, ya kumi. Miaka sita, watu kumi na wawili, na jibu zima lilikuwa neno moja tu, kushoto. Mdomo ulimfunguka. Pumzi tayari ilikuwa imeingia.

Kiganja kikavu kikatua juu ya goti lake. Pravda hakumtazama, macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa yule fundi. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, midomo imefungwa kabisa. Zornitsa aliutambua uso ule. Ulikuwa uleule wa dirishani Trakiya, na sasa, akiwa ameukaribia hivyo, aliona kitu ambacho kutoka upande wa pili wa meza hakikuonekana: shingo ya yule mama ilikuwa imekaza, na kidevu kilikuwa kikitetemeka. Hakuwa akifurahia chochote. Alikuwa anamsukuma yule fundi kwa nguvu zote alizonazo, bila kumgusa.

Zornitsa akafunga mdomo. Akatia mbegu ya kumi na moja.

Haralampi alikuwa ameacha mausi. Alikuwa anatazama nyayo. Mistari mitatu iliishia majini pamoja, mmoja juu ya mwingine.

"Hebu ngoja," alinong'ona. "Mimi nang'ang'ania mlango mmoja tu." Akamrudisha askari wa tatu nyuma, hatua kwa hatua, akamzungusha kulia, akaona ukuta wa miamba, akamrudisha tena, akaenda kushoto. Askari alikanyaga mawe, akavuka. "Aaa, kumbe! Tulia wewe, nakuja!" Akamwambia adui, kwa sauti, kidole kikamwelekea. Adui, kwa kuwa haikuwa zamu yake, alitulia.

Ngome ilianguka dakika ya ishirini na nane.

Kilichofuata kilikuwa vurugu tupu. Ognyan alimkumbatia Haralampi, ambaye hakujua kafanya nini cha kukumbatiwa. Wafadhili ukutani walikuwa wanapiga makofi bila sauti, kwa sababu katika furaha mtu alikuwa amekanyaga waya. Wachoraji waliishambulia banitsa.

Zornitsa alibaki kitini.

"Mama, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Kule Trakiya, nikichana unga, nawe umesimama dirishani. Ulikuwa na pini?"

Pravda alipangusa makombo yasiyokuwapo kwenye sketi yake. "Lile koti langu la nyumbani, la buluu, unalikumbuka? Kalitazame mkono wa kushoto. Mwaka wa kwanza, mwanangu, nilikuwa nungunungu."

"Mimi nilidhani unanicheka."

"Ningekuwa nakucheka ningesema. Kucheka ni rahisi." Akarudia kuipangusa sketi. "Siku ile unga ulipofika mwisho wa meza, nilikwenda bafuni nikalia. Lacho alidhani ni vitunguu."

Zornitsa alimshika mkono, ule wa kushoto, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Maneno aliyoyapanga tangu Jumatano yalikuwa mengi, vidirisha arobaini na kimoja vingejaa. Akasema machache aliyoyaweza.

"Asante, mama. Asante kwa jibini ulilonicheleweshea."

Pravda alifungua mdomo kujibu. Midomo ilicheza, ikafungika. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa mbegu uliokuwa mapajani mwa mkwewe, akatoa moja, akaitia kwenye glasi juu ya zile kumi na moja.